Vespa ya Ami: Tuchukue Fidia au Tuitengeneze Wenyewe?

Moto uliwaka kwenye kiki ya tatu. Ami alikuwa amerudi kutoka Darajani baada ya alasiri, akaiegesha Vespa uani, akaingia ndani kunywa chai, na koki ya petroli akaiacha wazi kama alivyozoea miaka yote. Alipotoka kwenda kuwahi magharibi, uani kulikuwa na harufu ya petroli, lakini jirani yetu ana jenereta na harufu hiyo tumeizoea. Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, ulimi wa moto ukatoka chini ya kifuniko cha upande wa injini, ukapanda mpaka kwenye kiti.

Mtoto wa jirani alikuja mbio na ndoo ya maji. Mke wa ami ndiye aliyemshika mkono, maana petroli huelea juu ya maji na moto ungesambaa uani kote. Vijana wakamwaga mchanga uliokuwa umerundikwa kwa ajili ya ujenzi, kisha mwenye duka la jirani akaleta mtungi wake wa kuzimia moto, ule wa unga. Kwa makadirio yetu moto ulidumu dakika nne au tano. Hakuna mtu aliyeungua, alhamdulillahi, na nyumba haikuguswa.

Siku iliyofuata familia iligawanyika. Mtoto wa ami aliyeko Maskati alipiga simu: chukueni pesa ya bima, nitaongezea, mzee anunue skuta mpya. Fundi wetu wa siku nyingi akasema bima zitamzungusha mzee mpaka achoke, bora tuanze kazi kesho. Ami mwenyewe alikaa kwenye baraza akiitazama Vespa iliyofunikwa turubai, hasemi kitu. Mimi nilipewa kazi ya kushika makaratasi, na baadaye ya kushika spana. Kwa hiyo kisa hiki nimekiona kwa pande zote mbili.

Chombo chenyewe

Ni PX 150 ya mwaka 1984. Ami aliinunua mkono wa pili mwaka 1988 alipokuwa akifundisha skuli, na kwa Vespa hiyo alipeleka watoto wanne skuli, mmoja akisimama mbele na mwingine nyuma. Piaggio walianza kuunda Vespa mwaka 1946 huko Pontedera, Italia, na jamii hii ya PX ilianza kutoka mwaka 1977. Mtu wa Unguja hahitaji kuelezwa zaidi. Ni chombo tulichokua nacho.

Ila kuna jambo moja la ufundi ambalo bila kulijua hesabu zote za moto zinapotea. Pikipiki ya kawaida ina fremu ya mabomba, na tangi, kiti na vifuniko vimefungwa juu yake. Vikiungua unavifungua, unavibadilisha, fremu inabaki. Vespa haina fremu nyingine chini ya ngozi yake. Bodi ya bati lililokunjwa na kuunganishwa ndiyo mifupa yenyewe: inabeba usukani mbele, injini nyuma, na mpanda katikati. Tangi limekaa ndani ya bodi hiyo, chini ya kiti, na kabureta iko chini yake upande wa kulia, juu ya injini. Yaani moto wa Vespa huanzia tumboni, na kinachoungua kwanza ni mahali ambapo bati likipinda chombo kimekwisha.

Chanzo tulikipata baadaye. Mpira wa petroli ulikuwa umekauka ukapasuka karibu na kabureta, sindano ya boya, ile inayofunga petroli kabureta ikijaa, ilikuwa imekwama, na kwa kuwa koki ilikuwa wazi petroli ilidondoka kwa zaidi ya saa nzima. Waya wa plagi nao ulikuwa na ufa. Jamii hii ya PX inajulikana kwa nyaya za ndani ya magineti, sehemu ya injini inayozalisha umeme, ambazo ngozi yake huoza na kumeguka kama ganda la karanga; tulizikuta hivyo hivyo.

Unga mweupe

Kosa ambalo tungelifanya usiku ule ni kuiacha Vespa na unga wake mpaka mtathmini wa bima aje. Kila mtu alisema msiguse kitu, mtapoteza fidia. Ni kweli kwamba hupaswi kufungua wala kutengeneza kabla chombo hakijakaguliwa. Lakini unga wa mitungi mingi ya aina ile ni chumvi ya fosfeti, na ukikutana na unyevu unakula alumini na chuma. Na unyevu wa Unguja haumsubiri mtathmini. Mkataba wenyewe, tulipousoma, unamtaka mwenye chombo achukue hatua za busara kuzuia hasara isizidi.

Tulifanya hivi: tukapiga picha kila upande, karibu na mbali, pamoja na unga wote na mchanga wote. Tukaiandikia kampuni ujumbe usiku huo huo kueleza kwamba moto umetokea na kwamba tutaondoa unga kwa brashi kavu bila kufungua chochote. Asubuhi tukapangusa, tukapuliza kwa upepo wa kompresa, tukapaka mafuta mepesi sehemu za alumini zilizo wazi. Mpira uliopasuka tuliuacha palepale ulipo. Ripoti ya zimamoto na ya polisi tukazifuatilia siku hiyo hiyo, kwa sababu kumbukumbu za watu zilikuwa bado mbichi.

Mtathmini alipokuja siku ya sita hakulalamikia kusafishwa. Alitazama picha, akatikisa kichwa kukubali, akaendelea.

Karatasi

Bodaboda na vespa nyingi mjini zina bima ndogo tu, ile inayomlipa mtu mwingine utakayemuumiza. Kwa moto wa chombo chako mwenyewe bima hiyo haina la kusema, na mwenye nayo hana uamuzi wa kufanya. Anamwita fundi basi. Ami alikuwa na ile ya katikati: mtu wa tatu pamoja na moto na wizi. Aliikata miaka kadhaa nyuma baada ya vespa mbili kuibiwa mtaani.

Fundi alikuwa na hofu kwamba kampuni itasema mpira mbovu ni uzembe. Hofu yake ilikuwa na msingi. Mikataba ya vyombo vya moto kwa kawaida hailipi uchakavu wala kuharibika kwa mitambo au umeme, na inamtaka mwenye chombo akitunze kiwe katika hali nzuri. Lakini kifungu cha moto katika mkataba wa ami kilitaja pia moto unaojiwasha wenyewe. Maana yake, mpira wenyewe na waya wa plagi hawalipi, ila moto uliotokana navyo wanalipa. Na kuhusu utunzaji, kilichomwokoa ami ni daftari la skuli lenye jalada la bluu ambamo ameandika kila oili, kila plagi, kila tairi tangu aliponunua chombo, na risiti zikiwa zimebanwa kwa pini. Mtathmini alilisoma lile daftari kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama injini.

Kisha tukafika penye tatizo la kweli. Thamani iliyoandikwa kwenye bima ilikuwa shilingi 1,800,000. Ami aliitaja mwaka wa kwanza, na kila mwaka wakati wa kukata upya namba hiyo ilinakiliwa tu. Wakati huo huo bei za vespa za zamani zilizonyooka zimepanda. Mgeni mmoja mwaka jana alisimama barazani akataka kuinunua kwa 4,000,000, ami akacheka na kumkaribisha chai.

Mtoto wa ami aliposikia 1,800,000 akawaka. Akasema tuandike barua, tutafute watu wa kuthibitisha kwamba chombo kina thamani ya milioni nne, tuidai kampuni ilipe haki. Nilimwelewa. Ndivyo moyo unavyosema. Lakini nilikuwa nimekwisha kusoma kifungu cha nyuma, kile chenye maandishi madogo, kinachosema kwamba chombo kikikatiwa bima pungufu, hasara ya sehemu italipwa kwa uwiano wa thamani iliyoandikwa na thamani halisi.

Gereji tuliyoipeleka Vespa kukadiriwa ilitoa makisio ya 2,450,000. Chukua sasa ile milioni nne ya binamu yangu. Chombo cha milioni nne ambacho kutengenezwa kwake ni 2,450,000 hakijateketea. Kimepata hasara ya sehemu tu. Bima imekatwa kwa 1,800,000, ambayo ni asilimia 45 ya milioni nne. Kwa hiyo wanalipa asilimia 45 ya matengenezo: 1,102,500. Toa asilimia 10 ambayo mteja anabeba mwenyewe, zinabaki 992,250, na bado hawajakata uchakavu kwa vipuri vipya vinavyowekwa mahali pa vya zamani.

Mtathmini alikuja na bei yake mwenyewe ya soko la hapa kwa chombo cha umri ule, ambayo haikuwa mbali na namba iliyokuwa kwenye bima. Kwa bei hiyo matengenezo yanazidi thamani, na chombo kinahesabiwa kimeteketea. Kampuni inalipa 1,800,000, inatoa 180,000 ya mteja, ami anapata 1,620,000 na wao wanachukua mabaki. Au anabaki na mabaki kwa kukatwa 300,000, mkononi anapata 1,320,000.

Yaani kupigania bei kubwa kungempunguzia mzee zaidi ya laki tatu. Niliyaweka haya kwenye karatasi moja nikamsomea ami. Mtathmini alikuwa amemuuliza angeiuza kwa kiasi gani, naye alijibu kwa ukweli wake: "Mwanangu, mimi siiuzi." Hakumficha ofa ya yule mgeni pia, mtathmini aliiandika na kusema ofa moja ya mtu anayepita si bei ya soko. Nadhani alikuwa sahihi. Ami akaamua bei ya mtathmini isipingwe.

Tangu hapo sikulitazama tena swali kama bima dhidi ya ufundi. Laki kumi na tatu na ishirini elfu zilikuwa zetu kwa vyovyote. Kilichobaki ni swali moja ambalo mtu anaweza kulijibu kwa macho na mikono: vespa hii iliyoungua, kama ingekuwa ya mtu mwingine na imewekwa pale kwa laki tatu, ungeinunua?

Kuuliza chuma

Mtathmini alipomaliza na kuturuhusu kwa maandishi kufungua, tulimwita fundi na tukafanya kazi ya siku mbili ambayo naiona kuwa ndiyo kiini cha kisa chote. Fundi yule hana kipimajoto cha moto uliokwisha zimwa. Anacho hiki: kila maada katika Vespa ina joto lake la kufa, na ukitazama nini kimekufa na nini kimepona unajua moto ulifika wapi.

Plastiki na mipira hazisemi mengi, hufa mapema. Kifuniko cha taa ya nyuma kilikuwa kimedondoka kama nta, ngozi za kebo za gea na klachi zimeshikana. Hilo lilitarajiwa. Risasi ya kulehemu nyaya huyeyuka karibu nyuzi 185 za Selsiasi. Kwenye viungo vya nyaya vilivyokuwa karibu na tangi ilikuwa imetiririka. Kisha kabureta. Ile Dell'Orto ya PX imetengenezwa kwa aloi ya zinki, na aloi hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 380 na kitu. Ya ami ilikuwa imelegea upande mmoja, mdomo wake umeinama kama mshumaa uliowekwa juani. Kwa hiyo pale, kwenye kitovu cha moto, joto lilifika hapo. Lakini upande wa pili wa kabureta hiyo hiyo, sentimita chache tu, pembe zilikuwa bado kali.

Hii ilikuwa habari njema kwa injini. Kasha la injini ni alumini, nayo inahitaji zaidi ya nyuzi 500 kuanza kuyeyuka. Hofu yetu haikuwa kuyeyuka bali kupinda, maana katika injini ya Vespa mchanganyiko wa petroli na hewa huingia kupitia tundu ambalo krenki yenyewe hulifunga na kulifungua kwa kupita karibu sana na uso wa kasha. Uso huo ukipinda au ukichubuka, injini haitashika tena vizuri. Fundi alipasua kasha, akaweka rula ya chuma na karatasi nyembamba, akageuza rula kila upande. Karatasi haikupita. Sili zote zilikuwa zimekauka, hizo ni za kutupa, na beringi tukaamua kuzibadilisha kwa kuwa tumeshafika.

Likabaki bati. Chuma kikipashwa hubadilika rangi: karibu nyuzi 220 huwa njano ya majani makavu, karibu 300 huwa bluu. Baadaye kinapoiva mpaka wekundu ndipo bati jembamba hukunjika na halirudi. Tulikwangua masizi kwa vidole na kitambaa, si kwa msasa, ili tusifute rangi hizo. Nyuma ya mahali pa tangi tukakuta bluu ya upana wa kiganja, imezungukwa na njano. Hakuna mawimbi kwenye bati. Ukiligonga kwa kifundo cha kidole lililia sawa na upande wa kushoto.

Jaribio la mwisho ndilo nililolisubiri kwa hofu. Injini ya Vespa inashikwa na bolti moja refu linalopita kutoka upande mmoja wa bodi hadi mwingine. Bodi ikiwa imejisokota hata kidogo, matundu mawili hayatazamani. Fundi alilipaka grisi, akaliingiza kwa mkono, akalisukuma kwa kidole gumba. Likapita. Akalitoa, akamwita ami aje alipitishe mwenyewe. Mzee alilipitisha mara tatu.

Niseme wazi: kama bolti lile lingegoma, ningemshauri ami achukue 1,620,000 na aagane na Vespa yake, na ningelisimamia hilo hata akinikasirikia. Bodi iliyosokotwa inavutwa, inachomelewa, inapakwa rangi ikang'aa, na siku moja kwenye kona ya barabara inamtupa mtu. Njia ya kununua bodi nyingine nayo si nyepesi, kwa sababu namba ya chombo imegongwa kwenye bodi. Ukihamisha bodi umehamisha chombo, na lazima uwafuate wanaosajili kabla hujagusa chochote. Wapo wanaokata kipande chenye namba na kukichomelea kwenye bodi nyingine. Hilo ni kosa, na anayekuja kuinunua baadaye anabeba mzigo asioujua.

Kazi

Tulisaini kupokea 1,320,000 na kubaki na mabaki. Kabla ya kusaini tuliomba barua inayosema kwamba chombo hakifutwi kwenye usajili. Ilichukua wiki moja zaidi kuipata na binamu yangu alichoka kusubiri, lakini bila barua hiyo ungebaki na Vespa nzima usiyoweza kuikatia bima tena.

Kazi ilituchukua miezi miwili na nusu, mchana wa Ijumaa baada ya sala na siku za Jumapili. Gereji ilitaka 2,450,000. Sisi tulitumia 1,500,000, kwa hiyo ami alitoa mfukoni 180,000. Kilichoshusha bei si ujanja. Ni mikono yetu kufanya kazi ya kufungua, kusafisha na kupiga msasa, na vipuri kupatikana. Kwa PX bahati ni kubwa: Wahindi wa kampuni ya LML waliunda vespa za mtindo huu kwa miaka mingi, na vipuri vyao vingi vinaingia. Kabureta ilikuja kwa boti kutoka Dar kwa 260,000. Kifuniko cha upande wa injini tulipata kilichotumika, 110,000, kimebonyea kidogo. Seti nzima ya nyaya tuliweka mpya, na za ndani ya magineti zikasukwa upya na fundi umeme, kwa sababu kuunganisha waya uliopikwa na waya mpya ni kualika moto wa pili.

Sehemu moja tulibishana. Fundi alitaka kufunika ile alama ya bluu kwa puti na rangi, kazi iwe safi. Mimi nilitaka ipakwe praima na rangi nyembamba tu, bila puti, ili kutu ikianza tuione. Bati lililopikwa limepoteza rangi yake ya kiwandani hata kwenye mikunjo ambako brashi haifiki, na hewa ya chumvi inaingia humo kwanza. Ami alikata shauri: praima, rangi, basi. Ndani ya mikunjo tukapulizia nta.

Mpira mpya wa petroli una tarehe iliyoandikwa kwa kalamu nyeupe, na kwenye daftari la bluu kuna mstari wa kuubadilisha kila baada ya miaka miwili. Koki sasa inafungwa kila chombo kinapoegeshwa. Mke wa ami huuliza kabla hajamimina chai.

Mwezi uliopita tulikata bima upya. Safari hii hatukunakili namba ya zamani. Tuliomba mkataba wa thamani iliyokubaliwa mapema kati ya mteja na kampuni, na kampuni ilitaka picha, risiti zote za matengenezo na ripoti ya mtathmini ambayo ami aliilipia mwenyewe. Ada imepanda, na ami alinung'unika njia nzima kurudi nyumbani. Thamani waliyokubaliana ni 3,200,000. Nakala ya namba ya bodi, tuliyoichukua kwa kuweka karatasi juu ya chuma na kusugua penseli, imebanwa kwenye ukurasa huo huo wa daftari. Masika ikiisha tutafungua kifuniko cha kulia tuitazame ile bluu.